Mwongozo kamili: kununua SSD yenye kasi kwa bei nzuri bila kupigwa

Wanaoniandikia kuhusu SSD, yaani diski ya kompyuta inayotumia chipu badala ya sahani inayozunguka, karibu wote wana kilio kimoja kati ya vitatu. Mmoja amenunua, kafika nyumbani, haiingii kwenye mashine. Mwingine imeingia vizuri, lakini mashine haiioni. Wa tatu aliifunga, mashine ikawaka kwa raha, mwezi umepita na sasa picha zake hazifunguki.

Wote watatu walianza kwa swali lilelile dukani: "SSD shilingi ngapi?" Nawaomba mlipeleke swali hilo nyuma kabisa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hata kama mtu amekuambia leo kuna ofa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Jina kamili la mashine yako. "HP ya kijivu" haitoshi.
- Bisibisi ndogo ya nyota, na kadi ya plastiki isiyotumika ya kubandulia kava ya chini.
- Kasha la USB la kuwekea SSD, la inchi 2.5 au la M.2 kulingana na utakachonunua. Linauzwa bei ndogo, na baadaye litakusaidia tena.
- Flashi yenye programu mbili za bure: CrystalDiskInfo na H2testw. Zote zinafunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi.
- Flashi nyingine ya GB 8 au zaidi kwa ajili ya kupiga Windows upya.
- Nakala ya faili zako muhimu mahali pengine. Hili lifanye leo, kabla hujagusa skrubu hata moja.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako kabla ya kuijua bei

Neno SSD linabeba maumbo kadhaa, na umbo lisilolingana na tundu la mashine yako ni hela iliyopotea.

Umbo la kwanza ni la inchi 2.5. Linafanana na diski ya zamani ya kompyuta mpakato, ila ni jepesi na unene wake kwa kawaida ni milimita 7. Linatumia SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na mashine. Mashine kama ThinkPad T430, HP EliteBook 840 G1 na Dell Latitude E6430 zinalipokea bila maneno.

Umbo la pili ni M.2, kijikadi chembamba kama kipande cha chingamu. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna zinazoongea SATA na zinazoongea NVMe, lugha mpya yenye kasi zaidi inayopita kwenye njia ya bodi iitwayo PCIe. Ukichomeka ya SATA kwenye tundu linalojua NVMe peke yake, itakaa vizuri, utafunga skrubu, na mashine haitaiona kabisa. Muuzaji atakuambia SSD ni nzima, na atakuwa anasema kweli.

Namba inayofuata ni urefu. 2280 maana yake upana ni milimita 22 na urefu milimita 80. Kuna 2242 na 2230 pia, fupi zaidi. ThinkPad T440, kwa mfano, ina tundu dogo la 2242 la SATA pamoja na nafasi ya inchi 2.5.

Kupata jina kamili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wenye modeli. Halafu tafuta mtandaoni mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo kwenye tovuti ya HP, Dell au Lenovo wenyewe, usome sehemu ya diski. Baada ya hapo zima mashine, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, fungua kava na upige picha ya tundu lenyewe. Kama betri iko ndani, chomoa waya wake kwanza kabla hujagusa kingine.

Kuna mitego miwili ya kuangalia mapema. Mashine nyingi za Intel kizazi cha 4 kurudi nyuma haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe, hata ukipata kiunganishi cha kuichomeka. Na kwa wenye MacBook: za M1 na kuendelea SSD imeunganishwa kwenye bodi, haibadilishwi. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina tundu la Apple lenyewe, linahitaji kiunganishi maalumu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema sentensi moja tu: "Natafuta M.2 NVMe, 2280, na tundu langu ni PCIe 3." Au: "Natafuta SATA ya inchi 2.5." Kama huwezi kuisema, usipande daladala.

Hatua ya 2: Nunua kasi ambayo mashine yako itaitumia

Diski ya zamani inayozunguka husoma takribani MB 80 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama MB 550, na haivuki hapo kwa sababu njia yenyewe ya SATA imefika kikomo. NVMe ya PCIe 3 hufika MB 3,500, ya PCIe 4 hufika MB 7,000 na ushee, na za PCIe 5 hugusa MB 14,000.

Namba hizo zinatamanisha. Lakini ThinkPad T480, mashine iliyojaa madukani siku hizi, inaipa NVMe yake njia mbili tu za PCIe 3 badala ya nne, kwa hiyo haizidi takribani MB 1,800 kwa sekunde hata ukiifungia SSD ya bei gani. Ukiweka ya MB 7,000 itafanya kazi vizuri, ila umelipia mwendo ambao barabara haina. SSD ya PCIe 4 kwenye tundu la PCIe 3 haina tatizo lolote. Inunue ikiwa bei ni ileile au chini, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Niseme wazi ninachoamini baada ya kufunga nyingi: hatua kubwa ni kutoka diski inayozunguka kwenda SSD yoyote nzima. Kutoka SATA kwenda NVMe, mwalimu anayeandaa mitihani au mhasibu wa duka hataona tofauti ya maana. Atakayeiona ni mhariri wa video anayehamisha faili kubwa kila siku. Kama mashine yako ina nafasi ya inchi 2.5, usijisikie mnyonge, wala usikubali kuambiwa "hiyo imepitwa na wakati."

Kasi ya kwenye boksi na kasi ya kila siku

Namba ya kwenye boksi ni kasi ya dakika ya kwanza. Fikiria Fuso linaloshusha mzigo dukani. Vijana wanautupa barazani haraka haraka, kisha mmoja mmoja wanauingiza stoo. Baraza likijaa, Fuso linasubiri. SSD nyingi ziko hivyo: zina eneo dogo la kupokea data kwa haraka, na likijaa unaanza kuona kasi halisi ya chipu.

Chipu za TLC, zinazobeba biti tatu kwenye kila seli, zinahimili vizuri hata baraza likijaa. Chipu za QLC, zinazobana biti nne kwenye kila seli, ni rahisi kutengeneza lakini kwa faili kubwa zinaweza kushuka hadi chini ya MB 100 kwa sekunde, sawa na diski uliyoikimbia. Samsung 870 QVO na Crucial P3 ni za QLC. Kwa kuhifadhi filamu na picha hazina ubaya. Kwa Windows na kazi za video, tafuta TLC.

Jambo la pili ni DRAM, kumbukumbu ndogo ndani ya SSD inayoweka orodha ya kila kitu kilipo. SSD za NVMe zisizo na DRAM huazima kipande kidogo cha RAM ya mashine, ndiyo maana nyingi zinaenda vizuri tu. Za SATA haziwezi kuazima. Kwa hiyo ukinunua SATA, kuwa na DRAM kuna uzito zaidi kuliko kwenye NVMe.

Hatua ya 3: Chagua ukubwa kwa kupiga hesabu ya kila GB

Gawanya bei kwa GB. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, duka linauza GB 256 kwa shilingi 70,000 na GB 512 kwa 110,000. Ya kwanza inakugharimu kama shilingi 273 kwa kila GB, ya pili 215. Ile "ya bei rahisi" ndiyo ghali.

Mara nyingi ukubwa mdogo kabisa ndio wenye bei mbaya kwa GB, na pia una kasi ndogo ya kuandika, kwa kuwa chipu zinazofanya kazi kwa pamoja ni chache. Kwa matumizi ya kawaida mimi huanzia GB 480 au 512. GB 240 inatosha kama faili zako kubwa zinakaa kwingine.

Usishtuke ukiona Windows inaonyesha pungufu. GB 500 huonekana kama 465, GB 256 kama 238, na TB 1 kama 931. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hujaibiwa.

Hatua ya 4: Andika majina matatu kwenye karatasi

Ukiingia dukani bila majina, utauziwa kilichopo. Andika chaguo la kwanza, la pili na la tatu.

Kwa SATA, Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zina DRAM na waranti ya miaka 5. Kingston A400 na Crucial BX500 ni za daraja la chini yao, waranti miaka 3, na zinafaa pale bajeti inapobana kweli. Crucial uichukue ukijua kwamba Desemba 2025 kampuni mama, Micron, ilitangaza kuachana na biashara hiyo ya wateja wa kawaida, kwa hiyo unachokiona rafuni ni mzigo uliobaki.

Kwa NVMe, Samsung 970 EVO Plus na WD Blue SN570 au SN580 ni chaguo la kuaminika kwa mashine za PCIe 3 na 4. Kingston NV2 ni ya bei nafuu, ila ujue kampuni hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha jina, hivyo mbili zinazofanana nje zinaweza kutofautiana ndani.

Kwenye karatasi za kiufundi utaona TBW, yaani jumla ya TB zinazoweza kuandikwa ndani ya waranti. 870 EVO ya GB 500 imepewa 300, A400 ya GB 480 imepewa 160, P3 ya GB 500 imepewa 110. Mtu anayeandika GB 20 kila siku anatumia TB 7.3 kwa mwaka, kwa hiyo hata ile ya 110 ingemchukua miaka 15. Usilipe zaidi kwa hofu ya kuisha. Itumie namba hiyo kama kipimo cha jinsi mtengenezaji mwenyewe anavyoziamini chipu zake.

Hatua ya 5: Zunguka sokoni, na uzunguke mwenyewe

Kariakoo utapokelewa na winga kabla hujafika mlangoni mwa duka lolote. Wengi wao ni vijana wachapakazi na wanajua kila kona. Lakini akikupeleka dukani, bei utakayotajiwa ina cha juu chake ndani. Mshukuru, mwambie unaangalia tu, kisha ingia mwenyewe kwenye maduka yasiyopungua manne ukiuliza jina lilelile na ukubwa uleule. Aliye Nairobi afanye hivyohivyo Luthuli Avenue.

Andika kila bei pembeni ya jina. Bei nne zikikaribiana na ya tano ikawa nusu yake, hiyo ya tano iache. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi. Katika hali hiyo hakuna muuzaji mwenye sababu ya kukupa Samsung mpya kwa nusu bei. Na kama diski yako imeanza kugonga kelele, usisubiri bei ishuke.

Uliza pia bei yenye risiti ya EFD. Wengine watakutajia mbili, yenye risiti na isiyo na risiti. Chukua yenye risiti. Bila karatasi hiyo waranti ni maneno ya mdomoni, na SSD feki haina pa kurudi.

Zilizotumika: hapa ndipo bei nzuri ilipojificha

Mashine za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai mara nyingi zina SSD nzuri, na mafundi huzitoa na kuziuza pembeni. Tafuta lebo kama Samsung PM981, ambayo ni ndugu wa 970 EVO aliyetengenezwa kwa ajili ya viwanda vya kompyuta, au WD SN530, au za SK hynix. Hazina waranti ya mtengenezaji kwako, lakini kwa bei yake mimi ningeichukua Samsung iliyotumika yenye afya ya asilimia 95 kuliko mpya ya jina ambalo hata tovuti halina.

Kitu kimoja usikiguse kamwe: SSD za nje za "TB 8" au "TB 16" zinazouzwa kwa bei ya flashi. Ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochakachuliwa ili idanganye ukubwa. Niliwahi kununua moja ya "TB 2" dukani nikaweka video za send-off ya dada yangu. Majina ya faili yote yalikuwepo. Zilizofunguka zilikuwa za nusu saa ya kwanza tu, na sherehe hiyo hairudiwi.

Hatua ya 6: Ikague kabla pesa haijatoka mkononi

Usione aibu. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hachukii kukaguliwa. Mimi husema hivi:

"Kaka, naomba tuichomeke kwenye mashine yako tuione kwanza."

"Bosi, hii ni mpya, iko kwenye boksi."

"Naamini. Ikisoma vizuri nalipa sasa hivi, sihitaji hata punguzo."

Hiyo ya mwisho hufungua boksi nyingi.

Kabla ya kuchomeka, angalia pini za dhahabu. Mikwaruzo kwenye SSD inayoitwa mpya maana yake imeshachomekwa mahali. Linganisha namba ya mfululizo kwenye boksi na kwenye lebo. Kwa SSD za WD, ambazo sasa ziko chini ya kampuni ya Sandisk, kuna ukurasa rasmi wa kukagua waranti kwa namba hiyo, na simu yako inatosha kuufungua palepale.

Kisha iweke kwenye kasha la USB, fungua CrystalDiskInfo na usome mambo manne: jina la modeli, asilimia ya afya, saa ilizowaka na jumla ya data iliyoandikwa. Mpya iwe na saa sifuri au chache sana. Iliyotumika iwe na afya ya 90 kwenda juu. Kama jina la modeli kwenye programu ni tofauti na lebo, rudisha, sema asante, ondoka. Kama kasha halipitishi taarifa hizo, omba ichomekwe moja kwa moja ndani ya mashine ya dukani.

Saa hizo zinaweza kufutwa na mtu mjuzi, kwa hiyo ukaguzi haujaisha. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti: modeli, namba ya mfululizo, na kwamba unaweza kuirudisha ndani ya saa 24 ukubwa usipotimia. Akikataa sentensi hiyo, amekujibu.

Hatua ya 7: Ijaze yote usiku huohuo

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo pekee inayokamata uongo wa ukubwa.

Ichomeke kwa kasha kwenye tundu la USB 3, ikiwa imeformatiwa na tupu. Fungua H2testw, chagua diski hiyo, acha iandike nafasi yote kisha isome. Kwa GB 500 kwenye kasi ya MB 400 kwa sekunde, kuandika ni kama dakika 21 na kusoma karibu muda huohuo. Kwenye USB 2 utalala na kuamka bado haijaisha, kwa hiyo hakikisha tundu ni sahihi.

Usiogope kwamba unaichakaza. Umeandika nusu TB kati ya mamia iliyoahidiwa.

Ikimaliza bila kosa hata moja, SSD ni ya kweli. Ikionyesha data iliyopotea, hata kidogo, piga picha ya skrini na urudi dukani asubuhi na risiti yako. Usikubali kuambiwa "iformati tu itakaa sawa."

Hatua ya 8: Ifunge na uipime

Napendekeza kupiga Windows upya badala ya kunakili diski nzima, kwa sababu uchafu wa miaka mitano nao hunakiliwa. Ukilazimika kunakili, Clonezilla ni ya bure. Kabla ya yote, kama diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo wa siri, hifadhi ufunguo wa kuirejesha au uizime kwanza. Nimeona watu wakibaki na diski mbili na hakuna inayofunguka.

M.2 huingia ikiwa imeinama kidogo, kisha unailaza na kuifunga kwa skrubu yake. Usikaze kwa nguvu. Ikiwa inagoma kuingia, pengo lake halilingani na tundu, rudi hatua ya 1.

Ikishawaka, pima kwa CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski. Mstari wa juu kwa SATA uwe MB 500 na zaidi za kusoma. Ukiona kama 270, tundu lako ni la SATA ya kizazi cha pili na SSD haina kosa. Kwa NVMe kwenye njia nne za PCIe 3, tarajia ukaribu wa namba ya mtengenezaji.

Mstari wa chini kabisa, wa vipande vya KB 4, ndio unaoushuhudia ukifungua programu. Diski ya zamani huko haifiki hata MB 2. SSD nzima ya SATA hutoa kama 20 hadi 40. Ukiona namba hizo, kazi imekamilika.

Acha asilimia 10 hadi 15 ya nafasi ikiwa wazi siku zote ili kasi isishuke. Diski ya zamani usiifute kwa wiki mbili. Iweke pembeni kama ilivyo, na ukishajiridhisha kwamba hakuna faili uliyoisahau, kama ni ya inchi 2.5 itie kwenye kasha lake la USB uanze kuitumia kwa nakala za akiba.